Hatua Arobaini na Moja Ndani ya Maji

Jumatatu, 3 Februari

Nimeinua mkono. Mimi! Kavata wa Fomu Two, ambaye mwaka jana nilikaa na jino bovu wiki mbili kwa kuona haya kumwambia mwalimu wa zamu. Leo gwaride zima limeniona kwapa.

Ilikuwa hivi. Madam Wayua, anayetufunza kemia na ndiye kochi wa kuogelea, alisema timu imebaki na wasichana watatu. Wa nne alimaliza shule. Na mwaka huu, kwa sababu ya mtaala mpya, hakuna Fomu One, kwa hivyo hakuna wageni wa kudanganya. (Hilo la kudanganya nimeongeza mimi.) Shule isiyo na wasichana wanne wa mbio za kupokezana haikubaliwi kwenye mashindano ya kaunti. Haikubaliwi kwa mbio zozote. Mashindano ni tarehe 22. Kisha akamwita kapteni aongee.

Kapteni ni Nusaiba wa Fomu Four. Kwao ni Mwingi, babake ana duka la vitambaa, babu yake alitoka pwani. Anaogelea amefunikwa kuanzia kisogoni hadi kwenye kifundo cha mguu, vazi jeusi aliloshonewa na mamake, na bado hakuna anayemfikia. Akiingia majini hakuna sauti. Anaingia kama barua inavyoingia kwenye bahasha. Mwaka jana nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda choo cha mbali, ambacho si chetu, ili nipite karibu na ua wa bwawa nimwone.

Alisema huu ni mwaka wake wa mwisho na hajawahi kushindana nje ya hapa hata mara moja. Mwaka wa kwanza pampu ilikufa. Mwaka wa pili pampu ilikufa tena. Mwaka jana alishikwa na tetekuwanga wiki ile ile, timu ikabaki nyumbani. Hakulia. Hakubembeleza. Alisema tu, kama kuna mtu anajua hata kidogo, ajitokeze. Halafu akaniangalia. Labda alikuwa anaangalia saa iliyo ukutani nyuma yangu. Mkono ukapanda.

Madam akauliza nilijifunza wapi. Nikasema Mombasa, kwa shangazi.

Ukweli ni huu. Shangazi yupo. Mombasa nilifika, nikiwa na miaka saba. Maji ya bahari yaliguza vifundo vyangu, nikalia mpaka nikanunuliwa muhogo.

Kasiva wa Fomu Three, namba mbili kwenye timu na rafiki mkubwa wa Nusaiba (kwa maoni ya Kasiva), alinipima juu mpaka chini. Akauliza ni Mombasa gani hiyo, ile iliyo nyuma ya soko la Ikutha? Watu wakacheka. Nusaiba hakucheka. Alisema karibu.

Alisema karibu!

Jumanne, 4 Februari

Mazoezi yanaanza Ijumaa. Maji yametiwa dawa, lazima yatulie. Kwa hivyo nina siku tatu za kujua kuogelea. Nimepata kitabu maktaba, kina picha. Nimepata mahali pia: mtoni. Shida ni moja. Mto wetu una maji wiki tatu kwa mwaka. Wiki zingine zote ni mchanga, na maji tunayafukua chini yake.

Nikasema, mchanga si kitu. Mikono ni mikono.

Jioni Susu, nyanyangu ninayeishi naye, alinituma maji. Nilichota haraka, nikapakia punda mitungi minne, nikamfunga. Nikaangalia huku na kule. Nikalala kifudifudi. Mkono wa kulia mbele, kichwa upande, pumua. Mkono wa kushoto mbele. Miguu juu chini, juu chini. Mchanga uliingia mdomoni, puani na mahali pengine ambapo siandiki. Lakini nilisonga! Kutoka kwa punda mpaka kwa lile jiwe kubwa. Nikarudi. Mara ya sita nilikuwa na mtindo kabisa. Ningejiona ningejipigia makofi.

Mara ya saba nikasikia mtu anaita damu ya Yesu. Mama Kaveke, jirani yetu na kiongozi wa kina mama wa maombi, alikuwa amesimama ng'ambo na mtungi mgongoni. Niliamka nikamwamkua kwa heshima. Alikimbia. Mtungi umejaa, kilima kile, na ana miaka sitini na kitu! Nilimstaajabia sana.

Jumatano, 5 Februari

Nimetoka shule nimekuta kina mama kumi na mmoja sebuleni.

Waliniuliza kwa sauti ya pole haya mambo yalinianza lini. Ningesema nini? Kwamba ni kuogelea? Susu huosha vyombo na kikombe kimoja cha maji, halafu maji hayo anayapelekea mpapai wake. Nikasema sijui, huanza tu. Mama Kaveke akasema aliona kwa macho yake, mtoto anatambaa kama nyoka, na punda wa watu ameduwaa. Wakaniwekea mikono. Wakakemea pepo kwa saa moja na nusu. Susu alipika sufuria mbili za chai ya maziwa.

Nimefikiria. Kama nafanana na nyoka, hiyo ni sifa. Nyoka huogelea vizuri sana.

Lakini mtoni siendi tena peke yangu. Susu ameamua.

Ijumaa, 7 Februari

NIMEOGELEA. Karibu.

Bwawa letu liliachwa na kampuni iliyojenga barabara. Kambi yao ilikuwa hapa. Walienda na mashine zote, bwawa halikubebeka, shule ikarithi. Lilijengwa la watu wazima, lakini halijawahi kujaa. Maji yetu ni ya kisima cha pampu, yana chumvi, na hiyo pampu haina haraka na mtu. Kwangu yanafika mbavuni.

Kasiva aliruka kwa kishindo. Kanini, wa tatu wetu, msichana wa Kambu asiyesema maneno mengi, aliingia taratibu kama ng'ombe anayekunywa. Mimi niliteremka ngazi natetemeka. Maji yalikuwa baridi, lakini si hiyo iliyonitetemesha. Madam akapuliza filimbi. Nikalala juu ya maji. Nikaanza kwenda chini. Mguu wangu, bila kuniuliza, ukaenda kutafuta nchi kavu. Ukaipata.

Kumbe sakafu iko pale pale!

Nikapiga hatua. Nikapiga ya pili. Juu, mikono yote ya mchangani: kulia, kichwa upande, pumua, kushoto. Chini, miguu inatembea zake. Hatua arobaini na moja mpaka ukuta wa pili. Nimezihesabu.

Madam alisema mikono yangu ni kama ya picha kitabuni. (Ni ya picha kitabuni.) Nusaiba alitoa kichwa nje, akavua miwani ya kuogelea, akaniangalia muda mrefu. Kisha akasema: mdogo wangu, una pumzi nzuri na huogopi kazi.

Naandika tena. Una pumzi nzuri na huogopi kazi.

Hakuna atakayejua. Maji yetu yana rangi ya chai nyepesi. Ukiwa juu huoni mguu wa mtu.

Jumatatu, 10 Februari

Vidole vya miguu vimekwisha. Ile sakafu ni msasa. Nimevifunga plasta vyote kumi, nikamwambia Susu ni viatu vinabana. Amesema viatu ni vile vile, ni miguu imeanza maringo.

Hatua sasa ni thelathini na nane!

Kasiva hanipi nafasi ya kupumua. Leo ananiita Mpwani. Ameuliza mbele ya watu huko Mombasa nilikuwa naogelea ufuo upi. Nikasema ule wenye mchanga. Kanini alikohoa.

Nusaiba nimemchunguza, na nimepata kasoro moja tu. Anapoteza wakati. Kabla ya mazoezi anatulaza chali juu ya maji, masikio ndani, tumbo juu, tuangalie mawingu. Dakika kumi nzima! Anapita katikati yetu. Anakuwekea kiganja chini ya mgongo, halafu anakiondoa, na hujui kimeondoka saa ngapi. Anasema, usipigane na maji, hayajakukosea. Baadaye anatuambia tupige miguu polepole, tukiwa bado chali, twende popote tutakapofika. Tunaelea tu kama vifuniko vya sufuria. Mimi nahitaji kasi! Hata Kasiva analalamika. Ni jambo la kwanza tumekubaliana.

Lakini ni yeye, kwa hivyo navumilia. Huja bwawani kabla ya sisi wote, akishaswali alfajiri. Anaopoa majani na wadudu waliokufa kwa kichujio cha chai. Vyura anawatoa kwa mkono, mmoja mmoja, na anaongea nao. Anajua majina ya wapishi wote na ya watoto wao. Akikusikiliza, anaacha kile anachofanya. Nilimwambia kwamba leo ni Jumatatu, na alinisikiliza kama ni habari mpya.

Jumatano, 12 Februari

Msiba.

Gwarideni Nusaiba alieleza kwamba bwawa la hoteli mjini Kitui, pale mashindano yatakapofanyika, limejaa pomoni. Kina cha mita mbili kutoka ukuta mpaka ukuta. Lazima tuzoee maji marefu. Pampu yetu haitaweza. Basi anaomba, kila mwanafunzi wa kutwa, juu ya zile lita tano tunazobeba kila asubuhi kwa matumizi ya shule, aongeze lita tano kwa ajili ya bwawa.

Mtu mwingine angezomewa. Fikiria. Wasichana wanaooga na vikombe viwili, unawaambia wabebe maji kilomita nne ili watu wanne wayachezee! Walipiga makofi. Wengine walisema wataleta kumi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, nina machozi, najivunia kumjua.

Halafu nikaelewa. Maji yakipanda, sakafu yangu inakwenda.

Mita mbili. Mimi nina mita moja na nusu nikivaa viatu.

Alhamisi, 13 Februari

Mpango: nimejiunga na klabu ya kilimo. Hakuna anayeweza kumkataza msichana kumwagilia sukuma wiki. Saa ya chakula nilichukua ndoo, nikachota bwawani, nikamwaga bustanini. Tena. Tena. Wao wanaleta lita elfu moja asubuhi, mimi naziondoa mchana. Hesabu safi.

Safari ya kumi na moja, nikamkuta Kasiva kwenye kona ile nyingine ya bwawa. Ameinama. Ana ndoo.

Tuliangaliana. Akasema yeye hupenda sukuma sana. Nikasema mimi nilianza kuipenda zamani. Hakuna aliyetaka kuondoka wa kwanza. Tulimwagilia bustani nzima bila kuongea mpaka kengele ikalia. Yeye ndoo ishirini na mbili, mimi ishirini. Moja ya zangu nilijimwagia.

Anajua nini huyu? Ananifuata kwa nini?

Jumamosi, 15 Februari

Mazoezi. Nusaiba amepiga alama ya chaki ukutani kuona maji yamepanda kiasi gani. Alama haisongi. Mitungi inaingia kila siku na maji yako pale pale. Anaamini bwawa lina ufa. Tangu jana amepiga magoti pembeni na kipande cha sabuni ya kufulia, anaziba kila kijinyufa anachokiona. Kipande chake mwenyewe cha sabuni. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, maji huwa yanapenda kuondoka.

Nilihisi vibaya sana. Nikamshikia sabuni.

Jumatatu, 17 Februari

Sukuma yote imekufa. Yote! Majani yamekuwa kama tumbaku. Ni ile chumvi na ile dawa. Bwana Nzioka, mwalimu wa kilimo, aliuliza kwa upole ni nani aliyemwagilia. Shule nzima ilinyoosha vidole upande mmoja. Adhabu: mimi na Kasiva tupindue vitalu vyote upya, kwa jembe, wiki nzima.

Tulivua viatu tusivichafue. Soksi pia. Nikaona vidole vyake.

Plasta. Vyote kumi. Na chini ya plasta mpya kulikuwa na makovu ya zamani.

Yeye naye anaangalia vyangu. Jembe likasimama. Aliuliza, tangu lini? Nikasema, tangu Ijumaa ile. Na wewe? Akasema, tangu mwaka jana.

Mwaka mzima! Kumbe Kasiva mwenyewe hajui kuogelea! Na hajawahi kutoka kwenda bwawa lingine, kwa sababu mwaka jana hawakusafiri. Nikamuuliza ni hatua ngapi. Thelathini na tatu. Nilikaa chini. Thelathini na tatu! Nilikuwa namchukia mtu ambaye ningepaswa kuwa mwanafunzi wake. Alinionyesha pale pale kwenye udongo jinsi ya kukunja magoti ili mgongo usipande na kushuka kama wa ngamia. Huyu ni fundi.

Ndoo zilikuwa za jambo lile lile, bila shaka.

Nikamuuliza kuhusu Kanini. Akasema Kanini anaogelea kweli, alijifunza utotoni kwenye silanga la kunyweshea ng'ombe, pamoja na ndama.

Halafu Kasiva akasema kile ambacho mimi nilikuwa nakizunguka. Huko Kitui hakuna sakafu. Tukimwambia Nusaiba, hatutakuwa wanne, na hatashindana. Tusipomwambia, tutazama mbele ya kaunti nzima. Tulikubaliana: tutamwambia kesho.

Alhamisi, 20 Februari

Hatujamwambia.

Susu leo amesoma barua ya ruhusa. Mara mbili, miwani puani. Mara ya pili akanigeukia akauliza: kwa hivyo yule nyoka ni kuogelea huku? Nikakubali. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akakumbuka sufuria mbili za chai na sukari ya wanawake kumi na mmoja, akakasirika. Akacheka tena.

Baadaye akataka kujua hayo maji ya hoteli ni mengi kiasi gani. Nikamwambia yanamfunika mtu mzima. Ya chumvi? Hapana, matamu. Na watu wanafanya nini humo? Wanaingia na kutoka. Hawafui? Hawafui. Hawanyweshi chochote? Hawanyweshi. Susu alivua miwani. Alisema basi watu wa mjini wana moyo. Akatia sahihi, kwa sharti moja: nirudi na lita kumi.

Leo nimegundua wazazi wote wametoa sharti hilo. Timu na mashabiki, kila mtu atabeba mtungi. Na hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Mtungi mtupu uliofungwa kifuniko hauzami! Nani hapa kwetu hajui hilo? Utafungwa tumboni kwa kamba ya mkonge. Kasiva alinishika mikono, akasema mimi ni mtu wa maana.

Kwa hivyo hakuna haja ya kumwambia Nusaiba. Tungemsumbua bure.

Jumamosi, 22 Februari

Kwa utaratibu sasa.

Bwawa la hoteli ni la buluu. Unaona mpaka chini, na chini ni mbali. Kasiva aliliangalia, akauliza kama kuna upande wa watoto. Hakuna.

Nilijifunga mtungi wa lita kumi, nikavaa fulana juu yake. Refa, mwanamke mrefu mwenye kofia, aliniita. Akauliza hapo mbele nina nini. Nikasema mtungi. Wa nini? Wa maji. Akaniambia taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba maji yapo tayari ndani ya bwawa, si lazima nije na yangu. Wasichana wa shule zingine walilala chini kwa kicheko. Mtungi ukafunguliwa. Wa Kasiva pia. Alikuwa na miwili!

Nusaiba alitushika mikono, akatupeleka nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Kasiva akaanza kulia kabla ya kuulizwa. Mimi nikasema yote kwa pumzi moja: mchanga, sakafu, hatua. Nusaiba akasema anajua. Amekuwa akituona miguu tangu siku ya kwanza. Kwani huwa anavaa miwani ya nini? Ukipita karibu na mtu chini ya maji, unamwona wote. Ya Kasiva ameiona mwaka mzima. Mwanzoni alidhani ndivyo watu wa Kitui Kusini wanavyoogelea.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema angesema tungeona haya tukakimbia, na haya yetu anaijua. Kwa hivyo aliamua kutulaza chali kila siku na kungoja. Akasema, kuelea mnajua. Kupiga miguu mnajua. Mbio ni za mtindo huru, na huru ni huru, hata chali inaruhusiwa. Hamtashinda. Mfike tu, bila kushika kamba, bila kukanyaga. Mkifika, tumehesabiwa, nami nitaogelea mbio zangu.

Dakika kumi zile! Nilizoziita kupoteza wakati!

Nikamwambia pia za ndoo. Alisema polepole kwamba aliziba nyufa kwa sabuni siku tatu. Nikangoja kofi. Alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akatupa taulo lake tujifute machozi. Mimi na Kasiva taulo moja. Lake!

Kanini alianza. Aliogelea kama ndama, lakini alifika wa tatu. Kasiva akalala chali, akaenda, akapinda, akagonga kamba kwa kichwa, akaomba msamaha, akaendelea. Alifika! Shule zingine zote zilikuwa zimemaliza mbio. Zote. Kisha Nusaiba akaingia. Bwawa zima lilikuwa lake, hakuna wa kushindana naye, hakuna cha kupata, na hakupunguza hata kidogo. Hakuna kelele. Mkono unaingia, mkono unatoka, maji yanafungwa nyuma yake kana kwamba hakupita mtu. Watu waliokuwa wanacheka waliacha.

Akagusa ukuta chini ya miguu yangu. Akasema, nenda.

Nikaenda. Nikalala. Masikio yakaingia majini, kelele zikaisha. Miguu yangu ilitafuta sakafu mara moja, kwa mazoea. Haikuwepo. Nikataka kupiga yowe. Nikakumbuka maji hayajanikosea. Nikaangalia juu. Mwewe mmoja. Shuka za hoteli kwenye kamba. Na pembeni, Nusaiba ametoka majini, maji yanamtiririka, anatembea sambamba nami kwenye ukingo na kiganja amekigeuza juu, vile vile anavyokiweka chini ya mgongo wa mtu. Hakuniguza, hairuhusiwi. Lakini nilikihisi. Naapa nilikihisi njia nzima.

Dakika nne na sekunde kumi na tisa. Nilipogonga ukuta kwa kichwa, shule zingine zilikuwa zimejifuta, zimevaa soksi, moja inakula chapati. Wote walisimama wakapiga makofi. Hata refa. Akaandika kwenye karatasi yake: wamemaliza.

Tumehesabiwa!

Mbio za Nusaiba zilikuwa za mita hamsini. Sitaziandika vizuri. Kila mmoja pale alikuwa anapigana na kitu. Yeye alikuwa anafunguliwa mlango. Alishinda kwa urefu wa mwili mzima. Anaenda mashindano ya eneo. Alipotoka alitutafuta sisi kwanza, kwa macho, kabla ya Madam, kabla ya mtu wa medali. Kasiva anasema alimwangalia yeye. Ni mimi.

Tulijaza mitungi ishirini na sita kwenye bomba la hoteli. Meneja alisimama mlangoni haamini. Susu ameyaonja. Amesema ni matamu, akayafungia kwenye kabati la wageni.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani. Mama Kaveke amenishukuria Mungu mbele ya watu, kwamba nimefunguliwa. Nikasema amina. Nimetafakari wakati wa mahubiri. Uongo wangu ulikaribia kumnyima mtu mwema ndoto yake. Sitasema uongo tena maishani. Nimeamua.

Jumatatu, 24 Februari

Gwarideni tulipigiwa makofi. Nusaiba alitusimamisha naye, wote wanne, akainua mikono yetu. Alisema bila sisi asingeenda popote. Nilidhani nitayeyuka.

Kisha Madam Wayua akasoma tangazo. Riadha ya kaunti ni mwezi ujao. Shule haina msichana wa ule mchezo wa kukimbia na ufito mrefu, unauchomeka chini, unajirusha juu ya upau. Kama kuna anayejua hata kidogo, ajitokeze.

Kila mtu akaangalia viatu vyake.

Nusaiba aligeuka. Aliangalia upande wetu. Labda alikuwa anaangalia saa.

Mkono ukapanda. Kando yangu, nikasikia mwingine umepanda. Kasiva! Madam akatuuliza tulijifunza wapi. Tukajibu pamoja: Mombasa, kwa shangazi. Nusaiba alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanatikisika. Nafikiri ni furaha.

Sina wasiwasi wowote. Mtoni mchanga upo wa kuangukia, tena mwingi. Ni kumngoja tu Mama Kaveke ateke maji yake aende.

Naacha kuandika. Susu yuko nje anauliza ni nani amechukua ufito wake wa kuangulia mapapai.